Kibati cha babu kwenye Land Rover: naweza kutembea nacho barabarani?

Swali limetoka kwa kijana wa Ujiji, nalifupisha. Babu yake aliacha Land Rover 109, Series IIA, ilikuwa inabeba watu na mizigo kati ya Kasulu na Kigoma enzi hizo, ikalala chini ya mwembe miaka mingi, sasa yeye kaifufua, inawaka, kaipiga tena rangi yake ileile ya kijani. Wakati namba zinabadilishwa baba yake mdogo alienda akaisajili upya ikapata namba ya T, kwahiyo kadi ipo na pleti za njano zipo ndani. Ila stoo kakuta kibati cheusi cha TZ, herufi nyeupe za bati zimefungwa kwa riveti moja moja, ndo kile babu alichotembea nacho. Anauliza: "Mzee, naweza kukifunga hiki cha babu nikaendesha nacho? Rafiki yangu yuko Uingereza anasema gari likivuka miaka 40 sheria inaruhusu namba nyeusi. Na kama haiwezekani, je nichongeshe namba yangu ya T kwa staili ile nyeusi? Alafu kuna mtu ananitisha kwamba gari lililolala hivyo lina deni la road laisensi la miaka yote."

Mwangaluka mdogo wangu. Kwanza hongera, na nasema kwa moyo wote, maana mi nimeshughulika na magari ya zamani hapa Tabora miaka mingi, kufufua na kufuatilia makaratasi yake, na nimeshuhudia Land Rover zikikatwa vipande na kuuzwa skrepa kwa kilo wakati chesisi bado nzima kabisa, sasa mtu akiniambia ya babu yake imewaka tena pale Ujiji ujumbe huo nausoma mara mbili. Na hicho kibati usikitupe, usimpe mtu, nitakwambia cha kukifanyia.

Ila barabarani hapana. Kibati cha TZ hapana, na namba ya T ya kuchongesha kwa nyeusi pia hapana. Ukitoka getini gari liwe na zile pleti za njano, mbele na nyuma, zinasomeka. Najua njano kwenye ile kijani ya zamani inachoma macho, lakini nivumilie nikueleze sababu, maana ukishaielewa hakuna mtu atakayekuyumbisha tena kwa habari za kusikia.

Watu wengi wanaichukulia namba ya gari kama kipande cha bodi, kama bampa au taa, kwamba ukiwa na kile cha asili basi gari limekamilika. Sivyo. Namba ni jina la gari kwenye daftari la serikali. Zamani lilikuwa daftari la karatasi kweli, siku hizi ni mfumo wa TRA, na mle ndani gari lako lina taarifa zake: namba ya T, namba ya chesisi, namba ya injini, aina ya gari, mwaka lilipotengenezwa, rangi, jina la mwenye mali. Siku ile baba yako mdogo alipoenda kulisajili upya, mwanzoni mwa miaka ya 2000 huko, gari lilipata jina jipya na ile TZ ikaacha kuwa jina lake. Askari akiiandika leo kwenye mfumo haimletei Land Rover ya Ujiji, na gari ambalo namba yake haileti kitu askari kazi yake ni kulishuku, maana wezi nao wanatembelea namba za hivyohivyo.

Kwahiyo swali la kujiuliza ni moja tu: hii namba iliyo kwenye bampa, ukiiandika kwenye mfumo, inaleta gari hili? Umri wa gari na rangi ya bati vinakuja nyuma ya hapo.

Sasa rafiki yako wa Uingereza. Hajakudanganya, ila kakupa nusu ya habari. Kule gari likishapewa namba kwa kawaida linakaa nayo mpaka linakufa, halibadilishiwi namba kwa sababu serikali imeleta mfumo mpya. Kilichobadilika ni sura ya pleti. Zamani zilikuwa nyeusi zenye herufi nyeupe au za rangi ya fedha, kisha kuanzia tarehe 1 Januari 1973 magari mapya yakatakiwa kuwa na pleti zinazong'aa zikimulikwa na taa, nyeupe mbele na njano nyuma. Wenye magari ya zamani ndo wakaachiwa zile nyeusi zao. Kwa sasa sharti ni gari liwe limetengenezwa kabla ya tarehe 1 Januari 1980 na liwe limeandikishwa DVLA, ile mamlaka yao ya magari, kwenye daraja la magari ya kihistoria. Hiyo miaka 40 inayosogea kila mwaka ilikuwepo hata kwenye pleti, ila mwaka 2021 kwenye pleti wakaifunga ikabaki hiyo tarehe ya 1980, miaka 40 imebaki kwenye msamaha wa kodi ya barabara. Rafiki yako kachanganya hayo mawili, na wala simlaumu, hata wenye magari kule kule wanachanganya. Lakini ona kitu kimoja: ile pleti nyeusi ya kule imeandikwa namba ileile iliyoko kwenye mfumo wao leo. Askari wa kule akiiandika, gari linatoka.

Marekani ni tofauti kidogo na kwa mtu kama wewe ndo inanoga zaidi. Majimbo mengi kule yana utaratibu wa pleti ya mwaka wa gari, yaani mtu ana Chevrolet ya 1957, anahangaika kwenye minada na mastoo ya wazee mpaka anapata pleti halisi ya jimbo lake ya mwaka huohuo 1957, anaipeleka ofisi ya usajili, wanaikagua, wanaangalia ile namba isiwe inatumiwa na gari jingine, alafu wanaiingiza kwenye rekodi ya gari lake. Masharti yanatofautiana jimbo kwa jimbo, miaka gani inakubalika, stika inakaa wapi, ila kitendo chenyewe ni hicho. Kibati kilichokuwa kimekufa kinarudishiwa uhai ofisini kabla hakijafungwa kwenye bampa. Wajerumani wao tangu 1997 wanaongeza herufi H mwishoni mwa namba kwa gari lililofikisha miaka 30 na liko katika hali yake ya asili, na pleti yenyewe ni mpya kabisa, hawajali bati la zamani.

Unaona kinachofanana hapo? Kote rekodi inatangulia, bati linafuata. Huku kwetu rekodi inajua namba moja kwa gari lako, ile ya kwenye kadi, na hakuna dirisha la kupeleka kibati cha TZ wakakufufulia. Kwahiyo kukifunga mwenyewe nyumbani ni kuruka ile hatua ambayo Muingereza na Mmarekani hawairuki.

Wewe ni mtu wa Ujiji, mfano unao hapo ziwani. Liemba ilitengenezwa Ujerumani mwaka 1913, ikaletwa vipande vipande ikaunganishwa Kigoma, jina lake likiwa Graf von Götzen. Wajerumani wenyewe wakaizamisha 1916 ili isichukuliwe, ikaibuliwa 1924, na iliporudi kazini 1927 ikaitwa Liemba. Chuma ni kilekile, lakini nani amewahi kukata tiketi ya Graf von Götzen? Lile jina la kwanza wazee wanalijua, liko kwenye historia yake na ni haki libaki huko, ila kwenye makaratasi ya safari meli ina jina moja. Land Rover ya babu yako ni hivyohivyo, TZ ni jina lake la utotoni.

Ngoja nikupe la kwangu, kwa sababu sitaki uone nazungumza ya kusoma. Miaka fulani nilimfufulia mteja Volkswagen Beetle, gari zuri mno, na likaja kuwa gari la harusi. Bwana harusi akaomba tufunge vibati vya zamani ili picha zitoke vizuri, na mi nikakubali, nikasema ni mwendo mfupi tu. Tukatoka mjini kuelekea Urambo, mi nimekaa mbele abiria, kwenye kizuizi tukasimamishwa. Askari alikuwa mpole tu, kaangalia bampa, kaangalia bima kwenye simu, kauliza "hii bima ya T ni ya gari gani?" Sikuwa na jibu, maana namba ya T ilikuwa haipo popote kwenye gari. Bibi harusi alikaa juani na shela lake zaidi ya saa nzima huku bodaboda amerudi mjini kufuata pleti, na faini tukalipa, na ilikuwa haki. Kosa lilikuwa langu kwa sababu mi ndo nilikuwa najua. Tangu siku ile hakuna gari linatoka kwangu na namba isiyo ya kwenye kadi, hata liwe linavuka barabara kwenda kuoshwa.

Na hiyo ya bima usiichukulie kirahisi. Bima ya mtu wa tatu ni lazima kisheria na imeandikwa kwa namba ya usajili. Sasa ukimgonga mtu, Mungu apishie mbali, gari likiwa na TZ mbele, unaipa kampuni ya bima sababu ya kuanza kubishana na wewe kama gari lililogonga ndo lile walilolikatia, na wakati huo majeruhi yuko hospitali anasubiri. Kwa sababu ya picha tu!

Swali la pili, la kuchongesha T kwa nyeusi. Hapa namba ni sahihi ila bati si sahihi. Pleti zinatengenezwa na watengenezaji walioidhinishwa na TRA, na rangi yenyewe inasema kitu: njano ni gari la mtu binafsi, nyeupe ni la biashara. Askari aliyesimama mita hamsini kabla hajasoma hata herufi moja ameshajua analisimamisha gari gani. Ukija na nyeusi umemnyima hiyo, na usiku ndo kabisa, haing'ai. Vijana wa kuchonga vibao watakwambia hamna shida kaka nakutolea saa hii hii, wao wanauza kazi yao, faini italetwa kwako. Zile pleti za Texas na California zinazouzwa mitandaoni, au za Kiingereza, kwa ajili ya kupachika bampa ya mbele "kama urembo", nazo zikae ukutani sebuleni.

Kuna njia moja halali ya kupata namba yenye maana kwako, nayo ni namba binafsi, yaani gari liandikwe jina, hata jina la babu. Ni halali na inaingia kwenye mfumo. Ila bajeti ya 2016 ilipandisha ada yake kutoka milioni 5 hadi milioni 10 kwa kila miaka 3, na bado bati litakuwa lilelile la kisasa. Ushauri wangu, kama una milioni 10 mkononi weka kwenye chesisi, gia na matairi, babu atafurahi zaidi huko aliko.

Unachoweza kufanya ni kuzifanya hizo za T zikae kwa adabu. Nyuma omba ile ya mraba badala ya ndefu, inakaa vizuri sana kwenye mlango wa nyuma wa 109, kama palipokaa ile ya zamani. Mbele tumia matundu yaleyale ya babu kama yapo, usitoboe bampa upya, usiikunje pleti, usiifiche nyuma ya winchi wala yale mabomba ya kinga ya mbele (bull bar). Taa ndogo ya namba ya nyuma hakikisha inawaka, kwenye Land Rover za zamani waya wake ndo huwa wa kwanza kuliwa na panya.

Haya, sasa nije kwenye kitu ambacho hukuniuliza ila ndo kinachonipa wasiwasi kuliko kibati. Namba ya chesisi.

Umesema umeipiga rangi. Je, fundi aliigusa chesisi? Maana bodi ya Land Rover hizi ni aluminiamu, haiozi kwa kutu, kinachooza ni chesisi ya chuma chini, na hapo ndipo mafundi wa kuchomelea wanapoingia na grenda. Namba ya chesisi ya Series IIA imegongwa upande wa kulia mbele, kwenye pale panaposhika springi ya mbele, na nyingine iko kwenye kibao kidogo cha bati ndani ya kabini. Kibao kinaweza kuchomolewa na kuhamishwa, ndo maana mkaguzi anaiamini zaidi ile iliyogongwa kwenye chuma. Nilikuwa na mteja, chesisi yake ilikuwa imeliwa palepale mbele, kampeleka fundi mmoja wa kuchomelea, yule bwana kwa nia njema kabisa akasaga pote pakang'aa, akaweka bati jipya la milimita tatu juu, akapiga rangi nyeusi. Kazi safi. Namba imeondoka. Tulikuja kuhangaika miezi, ukaguzi, maelezo, barua, kuthibitisha kwamba gari ni lile lile, na kadi ilikuwa halali siku zote.

Kwahiyo wikendi hii fanya hivi. Chukua mafuta ya taa na brashi ya kawaida, usitumie ya waya, lala chini ya ile kona ya mbele kulia, osha taratibu mpaka matope na grisi vitoke. Ukiona rangi ni nene, ilainishe kwa thina na kitambaa, usikwangue. Pakikauka pakaa chaki nyeupe alafu futa juu juu kwa kiganja, chaki itabaki kwenye mabonde ya tarakimu na namba itajitokeza nyeupe. Piga picha mchana, jua likiwa upande sio juu. Kisha weka karatasi nyembamba juu yake usugue na penseli uliyoilaza, upate nakala ya ukubwa wake halisi. Hiyo karatasi andika tarehe, ihifadhi pamoja na kadi.

Alafu soma namba yenyewe. Kwenye IIA tarakimu tatu za mwanzo ndo zinasema gari limezaliwa kama nini. Ikianza na 252 ni 109 ya petroli, usukani kulia, iliyotengenezwa kwa ajili ya kuuzwa nje ya Uingereza. 253 ni hiyo hiyo ila ilitoka ikiwa vipande ikaunganishwe mbele ya safari. Mwishoni kuna herufi moja inayoonyesha ni toleo gani la mabadiliko ya kiwandani. Sasa linganisha na kadi, tarakimu kwa tarakimu, pamoja na ile herufi. Mara nyingi sana wakati wa kusajili upya watu walikosea, 3 ikaandikwa 8, herufi ya mwisho ikaachwa, mwaka ukawekwa wa kubahatisha. Ukikuta kosa dogo kama hilo usilifiche, peleka ofisi ya TRA pale Kigoma uombe marekebisho ukiwa na picha na ile karatasi ya penseli. Kosa ulilolipeleka mwenyewe linarekebishika, lile ambalo askari amelikuta njiani Uvinza linaanza kuitwa majina mengine.

Ikitokea namba haifanani hata kidogo, hapo simama kabisa, usiendeshe. Kuna wakati watu walikuwa wananunua kadi ya Land Rover iliyokufa wanaipachika kwenye nyingine isiyo na makaratasi. Sisemi ndo ya babu yako, nasema angalia kabla hujajaza mafuta.

Kitu kingine kizuri kwako, British Motor Museum pale Gaydon, Uingereza, wanahifadhi kumbukumbu za kiwanda za Land Rover, na ukiwapelekea namba ya chesisi na malipo wanakutolea cheti kinachoonyesha gari lilikamilika tarehe gani, rangi yake ya kwanza, namba ya injini iliyotoka nayo, na lilitumwa kwa wakala wa wapi. Rafiki yako wa kule mpe hiyo kazi, ni ya maana kuliko kukutumia picha za pleti. Nimewahi kukisoma cha mteja mmoja mbele ya mama yake mzee, alipofika kwenye rangi ya kwanza yule mama akasema "si niliwaambia ilikuwa ya bluu", ndugu wote walikuwa wakimbishia miaka.

Injini nayo. Land Rover nyingi huku ile ya petroli ya lita 2.25 ilishatolewa zamani ikawekwa dizeli ya Nissan au ya Toyota kwa sababu ya ulaji wa mafuta. Kama yako ni hivyo, namba ya injini kwenye kadi lazima ibadilishwe ifanane na iliyopo, na risiti ya injini iwepo. Rangi hivyohivyo, kama kadi inasema nyeupe kwa sababu baba mdogo aliwahi kuipiga nyeupe, sasa umerudisha kijani, kabadilishe.

Na jina la kwenye kadi ni la nani? Kama bado ni la babu na babu ametangulia mbele za haki, gari ni mali ya mirathi, hata kama ukoo mzima umekubali kwa mdomo kwamba ni lako. Fanyeni kikao cha familia, muhtasari uandikwe na usainiwe, msimamizi wa mirathi ateuliwe na Mahakama ya Mwanzo, yeye ndo ataweza kusaini kuhamisha umiliki uje kwako. Kama ni la baba mdogo na yupo hai, ni rahisi, ni mauziano au zawadi ya kawaida na TIN zenu wote wawili. Fanya hili gari likiwa bado halina bei. Likishapendeza na mtu wa Dar akataja milioni kadhaa, kikao kinakuwa kigumu.

Deni la road laisensi, huyo anayekutisha mwambie habari zake ni za zamani. Ile ada ya mwaka ilifutwa kwenye bajeti ya 2017, ikahamishiwa kwenye mafuta kwa kuongeza shilingi 40 kwa lita, na malimbikizo ya nyuma yakasamehewa. Unachotakiwa kuangalia ni faini za barabarani, ingiza namba ya T kwenye mfumo wa polisi uone kama kuna kitu, ingawa gari lililokuwa chini ya mwembe sidhani.

Nirudi kwenye kibati. Njia ya kukitumia ipo na mi naitumia. Tengeneza kikono cha bati chembamba chenye nati za masikio mbili, kinachokaa mbele ya pleti ya njano bila kutoboa chochote. Gari likiwa limeegeshwa uwanjani kwako, au kwenye maonyesho ndani ya uzio, mfano Nane Nane pale Ipuli, unakifunga, watu wanapiga picha, wazee wanakuja kusimulia nani alipanda nyuma kwenda Kasulu mwaka gani. Kabla hujagusa swichi ya kuwashia, unazungusha zile nati kwa vidole na kinatoka. Jizoeshe kuweka ufunguo wa gari ukiwa umening'inia kwenye kikono chenyewe, hivyo huwezi kuondoka bila kukitoa kwanza. Siku nyingine kikae ndani ya nyumba, sio juu ya dashibodi, namba mbili zinazoonekana kwa mbele zinakuletea maswali bure.

Na usikitengeneze kiwe kipya, nakusihi. Kioshe kwa maji ya uvuguvugu na sabuni ya kipande, tumia mswaki laini kuzunguka herufi, kikaushe kivulini, kipake nta nyembamba basi. Msasa hapana, rangi ya kupuliza hapana. Kama kuna herufi inacheza kwa sababu riveti imelegea, igonge taratibu kwa nyuma ukiwa umeweka kipande cha mbao mbele, usiitoboe ukaweka riveti mpya ya bunduki. Zile za zamani zilipigwa kwa nyundo kwa mkono, ukikigeuza kibati ukakitazama kwa nyuma utaona kila kichwa kimebonyea kivyake.